Kikundi cha malezi shuleni: kujithamini kwa vijana kunajengwaje kwa vitendo?

MratibuLindi

Habari zenu wadau. Tunaandaa kikundi cha malezi katika shule ya sekondari ya kata, mkoa wa Lindi, kianze Januari. Walioandikishwa ni 60 wa kidato cha kwanza na cha pili, wasichana 34 na wavulana 26, umri miaka 13 hadi 16. Walezi wa kujitolea ni 7, wanawake 5 na wanaume 2. Tutakutana mara moja kwa wiki, dakika 90 baada ya masomo. Fedha hakuna, ila tuna darasa, ubao na daftari.

Lengo ni vijana wajithamini na wajue miili yao. Naomba mnisaidie kwa haya: mlezi mmoja achukue vijana wangapi, na kwa muda gani? Vipindi vya afya vianzie wapi, ikiwa wazazi wengi huku wanasema mtoto akishatoka unyagoni au jandoni amefundwa, na wengine wanaogopa tutawafundisha uhuni? Tatu, tumejaribisha dodoso la Rosenberg, lile la kupima kujithamini, kwa vijana 10 na majibu yanagongana: mtoto yuleyule anakubali kwamba ana thamani, halafu chini anakubali kwamba hafai kitu. Na la mwisho, mtoto akimwambia mlezi jambo zito, nini kifuate?

Bi_Somo

Mratibu, nianze na idadi, maana ndiyo inayoamua mengine yote. Vijana 60 kwa walezi 7 ni karibu 9 kwa mmoja, na hapo mlezi anageuka mwalimu wa zamu. Mtu mzima mmoja anaweza kuwashika kwa dhati vijana 5 au 6: akajua nani hakuja wiki hii, nani amenyamaza ghafla, nani mama yake anaumwa. Kwa walezi ulionao anza na 40, wasichana 28 na wavulana 12. Wale 20 waandike awamu ya pili, na kwa kuwa 14 kati yao ni wavulana, kazi yako ya miezi hii ni kutafuta wanaume wengine 2 au 3. Ukiwachukua wote 60 leo, kila mmoja atapata kipande kidogo cha mtu mzima, na kipande hicho hakitoshi.

Muda usipungue miezi 12. Hapa sitaki ulegeze. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2002 ulilinganisha vijana kwa muda waliokaa na walezi wao. Waliodumu mwaka au zaidi ndio waliofaidika zaidi, na wale ambao uhusiano ulikatika ndani ya miezi 3 walishuka kujithamini. Sababu inaeleweka. Mtoto aliyekwisha kuachwa na mtu mzima mara moja, akiachwa tena hatafuti kosa kwa aliyeondoka, analitafuta kwake mwenyewe. Kwa hiyo mwanafunzi wa chuo aliye kwenye mazoezi ya wiki 8 mpe kipindi kimoja cha mada, usimpe kundi. Vivyo hivyo mwalimu anayesubiri uhamisho.

Na watu wa Lindi hili mnalijua tangu zamani. Somo wa mwali, yaani mwanamke anayemfunda, hakuwa mtu wa wiki moja. Alimpokea alipovunja ungo, akaendelea kuwa mtu wake mpaka ndoani, na hata akiolewa mbali alijua pa kurudi kuuliza. Waelezeni wazazi kwa lugha hiyohiyo, kwamba mnawatafutia watoto somo wa shule. Wataelewa haraka kuliko mkisema "programu".

Kabla ya Januari wape walezi mafunzo ya siku 3. Siku ya kwanza iwe ya kusikiliza na kusifu, ya pili afya, ya tatu ulinzi wa mtoto. Kila mlezi alete wadhamini wawili wanaomfahamu, na atie saini kanuni chache: hakai na mtoto peke yake pasipoonekana, hampeleki nyumbani kwake, hampi fedha wala zawadi ya siri, hachati naye usiku. Asiyetaka kusaini mshukuru aende zake.

Kuhusu kusifu, hapo ndipo walezi wenye moyo mzuri wanapoharibu. Kuna majaribio ya 1998, pia ya Marekani: watoto waliosifiwa kwa akili zao walikwepa kazi ngumu na wakafanya vibaya zaidi baada ya kushindwa, kuliko waliosifiwa kwa bidii. Utafiti wa 2014 ukaonyesha kwamba mtoto mwenye kujithamini kudogo akimwagiwa sifa za kupita kiasi, anakimbia changamoto inayofuata, kwa kuwa anaogopa kuonekana hafikii zile sifa. Badala ya "wewe ni hodari sana", mlezi aseme alichokiona: "Umekosea hesabu mara mbili na hukufuta daftari, umerudi ukatafuta kosa lilipo." Mtoto hawezi kubisha, kwa sababu ni kweli.

Dakika 90 ningezigawa hivi: 10 za salamu na habari za wiki, kila mtu ataje jina na jambo moja. 30 za kazi yenye matokeo yanayoonekana. 35 za mada. 15 za kufunga, kila mlezi na kundi lake dogo. Zile 30 za kazi msizikate hata siku moja. Kushona taulo za hedhi za kufua, kutengeneza kitalu cha miche, kuandaa igizo, kutunza daftari la mahudhurio na kusoma hesabu yake mbele ya wenzake. Kujithamini hakumwingii mtoto kwa kuambiwa ana thamani. Kunaingia akiona kuna kitu hakikufanyika mpaka alipokuja yeye.

Mihadhara ya "jitambue" iacheni kabisa. Msemaji anapigiwa makofi, watoto wanatoka wakijua wanatakiwa kujitambua na hawajui waanzie wapi.

NesiMakuzi

Naunga mkono aliyosema Bi Somo, nami niingie kwenye afya.

Usianze na mimba wala Ukimwi. Ukianza na hatari, kijana anajifunza kwamba mwili wake ni janga linalosubiri kutokea, na hapo unabomoa kilekile unachojenga. Anza na mabadiliko ya balehe na swali ambalo kila mmoja wao analo na halitoi: "Mimi niko sawa?" Nusu ya aibu ya umri huu inaondoka kwa kujua kipi ni kawaida.

Kwa wasichana: matiti huanza kati ya miaka 8 na 13, na moja kutangulia jingine si ugonjwa. Miaka miwili ya kwanza hedhi inaruka. Mzunguko wa siku 21 hadi 45 ni wa kawaida kwa umri wao, damu siku 2 hadi 7. Wafundishe kuweka alama kwenye kalenda ya daftari, siku ya kwanza ya damu ndiyo siku ya 1. Aende kituo cha afya akifika miaka 15 hajavunja ungo, au pedi ikilowa kabisa ndani ya saa moja au mbili, au maumivu yakimzuia kuja shule kila mwezi. Maumivu ya kawaida yanatulizwa kwa chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kanga, au paracetamol.

Pedi ibadilishwe kila saa 4 hadi 6 hata kama damu ni kidogo. Taulo ya kufua iloweshwe maji baridi kwanza, kwa sababu maji ya moto yanagandisha damu kwenye uzi na doa halitoki. Halafu sabuni, suuza mpaka maji yawe meupe, anika juani. Hapo ndipo inapoharibika: kwa aibu msichana anaianika chini ya godoro au nyuma ya kabati, inabaki na unyevu, inaleta harufu na muwasho. Kama hataki ionekane, atandaze kitambaa chepesi juu yake kambani, jua litapita.

Wavulana nao wasiachwe na somo la "msiwasumbue dada zenu" peke yake, maana wao hawaambiwi chochote kuhusu miili yao. Korodani ndizo hutangulia kukua, kati ya miaka 9 na 14, sauti na ndevu baadaye. Korodani moja kuning'inia chini ya nyingine ni kawaida. Ndoto nyevu si ugonjwa wala dhambi aliyoitenda. Wengi huvimba kidogo nyuma ya chuchu, wanaogopa wanageuka wanawake, na hawamwambii mtu. Huisha wenyewe ndani ya miezi 6 hadi miaka 2. Jambo moja walikariri: korodani ikiuma ghafla na kwa nguvu, ni hospitali saa hiyohiyo. Inaweza kuwa imejisokota, na kuiokoa kunategemea sana kufika ndani ya saa 6. Mvulana anayeona haya kutaja sehemu hiyo anaweza kuipoteza kwa kusubiri asubuhi.

Kwa hiyo mpangilio wangu: wiki ya 1 hadi ya 4 balehe na usafi. Ya 5 na ya 6 hisia, urafiki, na kukataa. Ya 7 hadi ya 10 uzazi, mimba, magonjwa ya ngono, Virusi vya Ukimwi. Ya 11 huduma: leteni mtoa huduma wa zahanati mwenyewe, ili siku kijana akienda asikutane na uso mgeni. Waambieni kwamba tangu marekebisho ya sheria ya 2019 mwenye miaka 15 anaweza kupima VVU bila idhini ya mzazi. Chanjo dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi kwa sasa ni dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, basi waliofika 14 wasicheleweshwe.

Tumieni majina halisi ya viungo: uume, uke, korodani, mji wa mimba. Mtoto asiye na jina la kiungo hawezi kueleza maumivu yake, wala aliyeguswa hawezi kueleza alichofanyiwa.

Sanduku la maswali: boksi la chaki lililofungwa gundi na kutobolewa juu linatosha. Sharti lake ni kwamba KILA mtu anatumbukiza karatasi kila wiki, asiye na swali aandike "sina". La sivyo anayeinuka kwenda kwenye boksi anaonekana na wote. Karatasi ziwe za ukubwa mmoja. Mlezi azisome kabla, si mbele yao.

BabaWawili_Kilwa

Na suala la unyago na jando? Hapo ndipo wazazi watakapokwama, na sijaona aliyeligusa.

NesiMakuzi

Kweli, kaka, asante. Msiende kushindana na makungwi. Mwiteni nyakanga, kungwi mkuu wa unyago, na wazee wa jando kwenye kikao cha wazazi, wiki 3 kabla ya kuanza, mfungue mada za wiki zote 11 mezani waone wenyewe. Heshima, usafi, kuwatunza wakubwa, hayo wao wanayafundisha vizuri kuliko sisi. Pengo liko kwenye umri. Siku hizi mtoto wa miaka 9 au 10 anaweza kuchezwa, akafundishwa mambo ya mume na mke, na akaondoka akiamini yeye ni mtu mzima. Waombeni sehemu ya ndoa isubiri hadi atakapokaribia kuolewa, kama ilivyokuwa awali pale ndoa ilipofuata muda mfupi baada ya kuvunja ungo. Nyakanga wengi watalipokea wakiombwa kwa adabu. Ukiwatangulia na neno "mila potofu" umefunga mlango.

Kwa hofu ya uhuni, jibu fupi kwa mzazi: mwongozo wa UNESCO wa 2018, ulioandaliwa pamoja na Shirika la Afya Duniani, umepitia tafiti za nchi nyingi na kukuta elimu hii haiongezi ngono kwa vijana wala haiwafanyi waanze mapema.

MwlTakwimu

Dodoso lako, Mratibu, limekwama kwenye lugha, wala watoto hawana kosa.

Rosenberg ana kauli 10, tano za kukubali uzuri wa nafsi na tano za kinyume. Kila moja inapewa alama 1 hadi 4, jumla ni 10 hadi 40. Zile tano za kinyume (2, 5, 6, 8 na 9 kwenye mpangilio uliozoeleka) lazima uzigeuze kabla ya kujumlisha: 1 iwe 4, 2 iwe 3. Ukisahau hapo tu, wote wanakusanyika katikati, karibu na 25. Hakiki kwanza.

Tatizo la pili ni Kiswahili chetu. Ukiniuliza "hujala?" nami sijala, najibu "ndiyo, sijala". Sasa mtoto anasoma "Sina mengi ya kujivunia", mbele yake kuna "sikubali". Hajui kama anakataa kauli au anathibitisha ile "sina". Ondoa ukanushi kwenye kauli, na badala ya kukubali na kutokubali weka: "hii si mimi kabisa", "si mimi sana", "ni mimi kidogo", "ni mimi hasa".

La tatu ni neno lenyewe. "Kujivunia" masikioni mwa mtoto aliyelelewa vizuri liko jirani na "kujivuna", na kujivuna ni aibu. Atakataa kwa adabu, wewe utaandika hajithamini. Tumia "Kuna mambo yangu yanayonifurahisha", na kwa kuwa hapo si ya kinyume tena, alama zake usizigeuze. Kauli ya 8, ile ya kutamani kujiheshimu zaidi, iwekee alama ya kuuliza. Inasumbua katika nchi nyingi, kwa sababu anayetamani kujiheshimu zaidi anaweza kuwa ndiye anayejiheshimu tayari. Hesabu jumla mbili, yenye kauli hiyo na isiyo nayo.

Soma kauli kwa sauti, polepole, mara mbili. Wasiandike majina, wape namba. Rudia mwezi wa 6 na wa 12, si kila mwezi, maana wataanza kukumbuka majibu. Na usimsomee mtoto alama yake kamwe. Dodoso hili halipimi ugonjwa, na "umepata 17" ni jeraha ambalo hukuwa na sababu ya kulitia.

Kando yake hesabu vitu vinavyoonekana: siku za kuhudhuria shule, mara ngapi ameuliza swali darasani, mara ngapi amejitolea kuongoza. Kwa vijana 40 namba hizi zitakuambia mapema kuliko dodoso.

UstawiKata

Nijibu la mwisho, na lisomwe na walezi wote 7 kabla hawajakutana na mtoto hata mmoja.

Mlezi asiahidi siri. Mtoto akisema "nikwambie kitu, usimwambie mtu", jibu ni hili: "Nitakusikiliza. Kama kuna mtu anakuumiza, nitahitaji kumwambia mtu mmoja anayeweza kuzuia, na nitakuambia kwanza ni nani." Wengi huendelea kusema. Ukiahidi kisha ukavunja, hatasema tena popote.

Akisema, sikiliza bila kumkatisha. Usimuulize "kwa nini ulikwenda kwake", wala usimrudishe arudie kwa walezi wengine watatu. Mwambie mambo matatu: nimekuamini, si kosa lako, umefanya vyema kusema. Andika maneno yake mwenyewe siku hiyohiyo, weka tarehe na saa, daftari lifungiwe. Halafu afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa wajibu wa kuripoti kwa serikali ya mtaa au kijiji. Simu ya mtoto ni 116, bure.

Akiwa amebakwa, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Zinamezwa siku 28. Za kuzuia mimba ni ndani ya saa 120. Asioge, asifue. Nguo ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi au gazeti, mfuko wa plastiki unatunza unyevu na ushahidi unaoza. PF3, fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari, ni muhimu kwa kesi, ila kama polisi ni mbali, mtoto aanzie kituo cha afya na fomu ifuate.

Kinachoharibu kesi nyingi ni familia kukaa kikao na "kuyamaliza", mara nyingi kwa fidia. Mlezi asikae kwenye kikao hicho, hata akiitwa na mwenyekiti wa kijiji.

Na msichana akipata mimba, kazi ya mlezi haijaisha. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unamruhusu kurudi shuleni baada ya kujifungua. Mlezi aendelee kumtembelea akiwa nyumbani, aende na mlezi mwenzake, ampelekee daftari za wenzake. Wengi hawarudi kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba nafasi yao bado ipo.

MratibuLindi

Nawashukuru sana, nimenakili yote. Tunaanza na 40. Nimebaki na moja: tuwatenganishe wasichana na wavulana, au wakae pamoja? Na wale wasiofungua mdomo kabisa?

Bi_Somo

Balehe na usafi watenganishe, wiki zote 4. Ila mwisho wa wiki ya 4 wabadilishane somo: wavulana wafundishwe hedhi, wasichana wafundishwe ya wavulana. Mvulana anayejua doa kwenye sketi ni nini hacheki. Kuanzia wiki ya 5 wakae pamoja, maana kukataa na kukataliwa hakufundishiki kwa jinsia moja.

Wasioongea wape igizo. Mpango wa TUSEME, ulioanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 1996, ulijengwa juu ya hilo: wanafunzi wanataja tatizo lao, wanalichambua, wanalicheza jukwaani, halafu wanalijadili na waliotazama. Mtoto asiyethubutu kusema "mimi" anasema kupitia mhusika. Mpe kwanza kazi isiyo na maneno, ashike pazia au apige ngoma, wiki ya tatu mpe sentensi moja. Usimsukume mbele ya wote wala usimsifu kwa kuongea, atajua mlikuwa mnamhesabu. Mlezi wake akae jirani naye kwenye ile kazi ya dakika 30, mikono ikiwa inafanya kitu. Mara nyingi huanzia hapo.

NesiMakuzi

Nami niongeze vipimo vya taulo, kwa kuwa mtashona. Tabaka la juu pamba laini, katikati flaneli mikunjo 3 au 4, chini kitambaa kisichopitisha maji kirahisi. Urefu sentimeta 25, upana 7 katikati, mabawa mawili yenye kifungo. Kila msichana awe nazo 5 au 6, kwa sababu msimu wa mvua moja inachukua siku mbili kukauka. Wavulana washone pia.